Jinsi ya Kulitembelea Hekalu la Confucius la Qufu na Kuusoma Ujenzi Wake

Hekalu la Confucius lililoko Qufu, mkoa wa Shandong mashariki mwa China, limejengwa kwa ajili ya mtu anayetembea. Kutoka lango la kusini hadi ukuta wa kaskazini ni zaidi ya kilomita moja. Nyua tisa zimefuatana kwenye mstari mmoja ulionyooka, na kila lango unalovuka linakuandaa kwa lile lijalo. Wageni wengi hupita mbio hadi Ukumbi wa Dacheng, ukumbi mkuu wa hekalu, wakapiga picha mbele ya nguzo za majoka, wakaondoka. Ukumbi ni mzuri kweli, lakini asiyetembea njia nzima kuufikia ameona jengo kubwa tu. Mwongozo huu umeandikwa kwa anayetaka kuliona hekalu kwa utaratibu wake, hata kama hajawahi kusoma lolote kuhusu ujenzi wa Kichina.

Wengi wetu Afrika Mashariki tumelizoea jina la Confucius kupitia taasisi zinazofundisha Kichina, ya kwanza barani ikiwa ile iliyofunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Mwenyewe, mwalimu na mwanafalsafa wa China ya kale, alizaliwa mwaka 551 KK katika dola ya Lu na kufa 479 KK, na Qufu ndiyo iliyokuwa makao makuu ya dola hiyo. Mwaka mmoja baada ya kifo chake, mtawala Ai wa Lu aliamuru nyumba ya mwalimu, yenye vyumba vitatu, iwe mahali pa kumtolea heshima. Mwaka 195 KK Liu Bang, mwasisi wa utawala wa Han, alikuja mwenyewe na kutoa sadaka ya ng'ombe, kondoo na nguruwe. Tangu hapo wafalme wa tawala mbalimbali walipanua, wakakarabati na kujenga upya, hadi vyumba vitatu vikawa majengo zaidi ya 100. Mwaka 1994 UNESCO ililiingiza hekalu katika Urithi wa Dunia, pamoja na jumba la ukoo wa Kong, yaani ukoo wa Confucius, na makaburi yao.

Kufika na kujipanga

Treni ya kasi ya njia ya Beijing–Shanghai husimama kituo cha Qufu Mashariki. Kutoka Beijing ni safari ya saa mbili na kitu, kutoka Shanghai ni zaidi ya saa tatu. Kituo kiko nje ya mji, kwa hiyo utahitaji basi au teksi kufika mji wa kale. Beba pasipoti yako yenyewe, usitegemee nakala, kwa kuwa tiketi za treni na za kuingilia hukatwa kwa jina na namba ya pasipoti. Malipo mengi hufanyika kwa simu, hivyo andaa Alipay au WeChat na uiunganishe na kadi yako kabla hujatoka nyumbani.

Kata tiketi ya pamoja ya sehemu tatu, yaani hekalu, jumba la ukoo na makaburi, kama una siku nzima. Kama una nusu siku, kata ya hekalu peke yake na ulitengee hekalu muda wake: saa tatu, pungufu ya hapo utakuwa unakimbia. Miezi mizuri ni Aprili, Mei, na vuli ya Septemba na Oktoba. Epuka kabisa wiki ya kwanza ya Oktoba na sikukuu ya Mei Mosi, China nzima ikiwa likizoni. Tarehe 28 Septemba, inayoadhimishwa kama siku ya kuzaliwa kwa Confucius, kuna ibada rasmi yenye muziki na ngoma za kale. Ukiitaka hiyo, weka nafasi ya kulala mapema na ujue kwamba sehemu za hekalu zinaweza kufungwa kwa wageni wa kawaida kwa muda.

Ingia asubuhi na mapema. Watu ni wachache, na jua la pembeni huzifanya nakshi za mawe zionekane kwa kina. Vaa viatu vya kutembelea kwenye mawe, na ukiweza chukua darubini ndogo. Mambo mazuri kuliko yote hapa yako juu, chini ya penu za mapaa, mahali ambapo jicho tupu huona kivuli na rangi tu.

Mambo manne ya kutazama kabla hujaanza kutembea

Ujenzi wa jadi wa China ulifuata daraja. Ukubwa, umbo na rangi ya jengo vilitangaza hadhi ya anayekaa ndani, na sheria zilikataza mtu kujenga juu ya cheo chake. Kwa hiyo mbele ya kila jengo jiulize maswali manne.

La kwanza ni paa. Paa lenye vipaa vinne vinavyoshuka pande zote, lenye penu mbili moja juu ya nyingine, ndilo la juu kabisa. Ukumbi mkuu wa kasri la kifalme Beijing una paa la namna hiyo. Linalofuata kwa hadhi ni lile lenye vipaa vinne ambalo pembeni kwa juu lina pembetatu za wima, nalo pia likiwa na penu mbili. Baada ya hapo huja mapaa ya upenu mmoja, na mwishoni paa la kawaida la vipaa viwili. Ukishaijua ngazi hiyo utaweza kusema jengo gani ni la bwana na lipi ni la kuwekea vyombo bila kusoma kibao.

La pili ni rangi ya vigae. Vigae vya manjano vyenye kung'aa vilikuwa vya mfalme, vya kijani vilikuwa vya wakuu walio chini yake, na vya kijivu visivyopakwa kitu vilikuwa vya watu wote.

La tatu ni nafasi kati ya nguzo na nguzo. Zihesabu upande wa mbele. Karibu kila mara ni idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili nafasi ya katikati iwe ya mlango. Tatu ni jengo dogo, tano na saba ni makubwa, na tisa ni kiwango cha mfalme.

La nne, na ndilo ninalokuomba ulitengee muda zaidi, ni kile kinachounganisha nguzo na paa. Jengo la Kichina husimama kwa mifupa ya mbao. Nguzo na boriti hubeba uzito wote; kuta ni za kuziba upepo tu, na wajenzi wao wana msemo kwamba kuta zikianguka nyumba haianguki. Paa la vigae ni zito mno, na upenu wake hutokeza mbele sana ili mvua isizifikie nguzo. Kinachobeba upenu huo ni mafungu ya vipande vya mbao yaitwayo dougong. Kipande chenye umbo la kikombe hukaa juu ya nguzo, mkono wa mbao hulala juu yake, kikombe kingine juu ya mkono, mkono mwingine tena, kila tabaka likitokeza mbele ya lile la chini, mpaka upenu unashikwa kama sinia lililobebwa kwa vidole. Vipande hukamatana kwa ulimi na tundu, bila misumari. Ardhi ikitikisika, viungo hivyo husogea kidogo vikisuguana, na nguvu ya mtikisiko hupotelea humo kabla haijavunja nguzo.

Kutoka lango la kusini hadi Kuiwen

Anzia nje ya ukuta wa mji, kwenye lango la kusini la Qufu, kisha uelekee kaskazini. Utakutana na milango ya heshima isiyo na ukuta wala mlango wa kufunga: nguzo za mawe na boriti juu yake, imesimama peke yake njiani. Ule wa kwanza ulijengwa mwaka 1538. Unaofuata ni lango la Lingxing, ambalo nguzo zake za mbao zilibadilishwa kuwa za mawe mwaka 1754. Usizipite haraka. Simama chini ya kila mmoja utazame mbele: lango la mbali limekaa katikati ya lile la karibu, na hakuna kitu kilichokwenda upande. Nyakati za kale, maafisa waliofika hapa waliagizwa na jiwe la njiani kushuka farasi na kuendelea kwa miguu, na agizo hilo liliwahusu wote bila kujali cheo.

Nyua za mwanzo ni miti na anga. Ni miberoshi mikongwe, mingine imejipinda shina zima, na hakuna jengo kubwa la kukuvutia. Mtu mwenye haraka huona hapa hamna kitu. Ukweli ni kwamba ukimya huu ulikusudiwa: unatoka kwenye kelele za mji, hatua zako zinapungua, unavuka madaraja ya mawe juu ya mfereji, unapita malango mawili matatu ya vigae, na ua unakuwa mkubwa kila unapoendelea. Unapovuka vizingiti, inua mguu uvuke bila kukikanyaga kizingiti. Ni adabu ya hapa, na pia ni virefu vya kumwangusha mtu.

Kisha mbele yako huinuka Kuiwen.

Kama ningelazimishwa kuchagua jengo moja tu Qufu, ningechagua hili, na kuuacha hata ule ukumbi mkuu. Lilikuwa maktaba. Lilijengwa kwanza mwaka 1018, likapewa jina la Kuiwen mwaka 1191, na umbo lake la sasa ni la ujenzi uliokamilika mwaka 1504, wakati wa utawala wa Ming. Ni la mbao, lina urefu wa mita 23.35 kwenda juu, na mapaa yake yana penu tatu. Mwaka 1668 tetemeko kubwa liliipiga Shandong na kuua watu wengi sana. Kuiwen lilibaki limesimama. Hapa ndipo mahali pa kutoa darubini. Anza chini kwenye nguzo, panda taratibu hadi kwenye dougong za upenu wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Tazama jinsi mafungu yalivyo juu ya nguzo na pia katikati ya nguzo na nguzo, na jinsi pembe ya jengo ilivyo na fungu kubwa lenye mikono mitatu ikielekea pande tofauti, kwa sababu pembeni ndipo mizigo ya pande mbili hukutana. Seremala aliyepanga kona ile alilazimika kuona kila kiungo kichwani kabla hajakata mti wa kwanza. Kaa hapo hata nusu saa.

Mawe yenye maandishi

Nyuma ya Kuiwen kuna ua wenye vibanda 13 vilivyosongamana katika safu mbili, vinane kusini na vitano kaskazini. Ndani yake kuna mawe zaidi ya 50 yaliyochongwa maandishi ya wafalme kuhusu ziara zao, sadaka na ukarabati. Mawe mengi yamebebwa na kiumbe afananaye na kobe mkubwa, aitwaye bixi, ambaye katika masimulizi ya Kichina ni mtoto wa joka apendaye kubeba mizigo mizito. Jiwe moja la mfalme Kangxi, la mwaka 1686, lina uzito wa takriban tani 35, na lilisafirishwa kutoka milima ya magharibi mwa Beijing.

Mgeni asiyesoma Kichina atafanya nini hapa? Tazama mambo mawili. Kwanza, vibanda viwili vya safu ya kusini ni vya mwaka 1195, wakati wa utawala wa Jin, navyo ni majengo makongwe kuliko yote yaliyobaki hekaluni. Dougong zake ni kubwa na chache, zimefanya kazi ya kubeba waziwazi. Linganisha na vibanda vya utawala wa Qing vilivyo jirani, ambako zimekuwa ndogo, nyingi na za kupamba. Karne tano za historia ya useremala unaziona kwa kugeuza shingo. Pili, simama katikati ya safu utazame juu, uone jinsi pembe za mapaa zilivyopishana, upenu wa kibanda kimoja ukiingia kwenye mwanya wa jirani yake. Nafasi ilikuwa finyu, na kila mfalme alitaka kibanda chake.

Utaona pia mawe yaliyopasuka na kuunganishwa kwa saruji. Novemba 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao, kutoka Beijing waliingia Qufu, wakavunja mawe na sanamu na kufukua makaburi. Usiikwepe mistari hiyo ya saruji unapopiga picha. Ni sehemu ya historia ya mahali hapa sawasawa na maandishi yenyewe.

Ua mkuu

Vuka lango la Dacheng na umefika. Katikati ya ua kuna banda la Xingtan, linalokumbuka mahali ambapo Confucius huaminika alifundisha wanafunzi wake. Ukumbi mkuu wa zamani ulisimama papo hapo. Mwaka 1018 Kong Daofu, wa kizazi cha 45 cha ukoo, aliuhamishia kaskazini, akaacha jukwaa na kupanda miaprikoti kulizunguka. Banda la sasa ni la mwaka 1569.

Sasa usiukimbilie ukumbi. Rudi nyuma, simama karibu na Xingtan, urudie maswali yako manne. Paa lina penu mbili na pembetatu za pembeni, kwa hiyo ni ngazi moja tu chini ya ukumbi mkuu wa kasri la Beijing. Vigae ni vya manjano. Nafasi za mbele ni tisa, na za kina ni tano. Unaloliona ni jengo la kifalme alilojengewa mwalimu ambaye hakuwahi kutawala. Lilijengwa upya baada ya radi kuliteketeza hekalu mwaka 1724, kazi ikakamilika 1730. Urefu wake kwenda juu ni mita 24.8, na upana ni zaidi ya mita 45. Limeinuliwa juu ya jukwaa la mawe lenye ngazi mbili za kingo zilizochongwa, na ni juu ya jukwaa hilo ndipo ngoma za ibada huchezwa.

Nguzo zinazouzunguka ukumbi ni 28, zote za mawe. Kumi za mbele ndizo zilizoufanya ukumbi huu ujulikane: kila moja ina kimo cha karibu mita 6, imechongwa kutoka jiwe moja, na majoka mawili yamejiviringisha juu yake, mmoja akipanda na mwingine akishuka, lulu ikiwa kati yao na mawingu pande zote. Nakshi imekatwa kwa kina kiasi kwamba mwili wa joka unakaribia kuachana na nguzo. Husimuliwa kwamba wafalme walipokuja kuzuru, nguzo hizi zilifungwa hariri ili wageni wasione kwamba kasri lao halina mfano wake. Baada ya kuzitazama, zunguka pembeni. Nguzo 18 zilizobaki zina pande nane na majoka madogo yaliyochongwa kwa juujuu, 72 kwa kila nguzo. Wageni wachache hufika huko, kwa hiyo unaweza kuzisogelea kwa utulivu.

Ndani kuna sanamu ya Confucius akiwa amevaa mavazi ya kifalme, iliyotengenezwa upya miaka ya 1980 badala ya ile iliyovunjwa 1966. Kando yake wapo wanne walio karibu naye zaidi kwa hadhi, Yan Hui, Zengzi, Zisi na Mencius, na wengine 12 pembeni. Huingii, unatazama kutoka mlangoni. Acha macho yazoee giza, kisha inua uso uitazame dari.

Watu wataniuliza kuhusu kuinama. Utawaona Wachina wakiinama mara tatu, wengine wakiwasha ubani, na wazazi wakiandika maombi ya mitihani ya watoto wao. Kwa mila ya hapa ni heshima kwa mwalimu mkuu. Kama imani yako haikuruhusu, simama kando kwa adabu, vua kofia, usipite mbele ya anayeinama. Hakuna atakayekulazimisha wala kukushangaa.

Nyuma na pembeni

Ukumbi ulio nyuma ya Dacheng ni wa mke wa Confucius, na nguzo zake zina nakshi za ndege wa kifalme aitwaye fenghuang badala ya majoka. Nyuma zaidi kuna ukumbi wa mwaka 1592 wenye mawe 120 yaliyochongwa picha za maisha yake. Kwa asiyesoma Kichina, picha hizo ni zawadi: zifuate moja baada ya nyingine kama mkanda wa hadithi.

Kisha nenda upande wa mashariki, mahali watu wengi wanapopasahau, uutafute ukuta wa Lu. Ni kipande cha ukuta mwekundu kinachosimama peke yake. Qin Shi Huang, mfalme aliyeiunganisha China, alipoamuru vitabu vichomwe mwaka 213 KK, Kong Fu, wa kizazi cha tisa cha ukoo, anasimuliwa kuwa alivificha vitabu vya babu yake ndani ya ukuta wa nyumba. Viligunduliwa wakati wa utawala wa Han, mtawala wa eneo hilo alipobomoa ukuta ili apanue kasri lake. Ukuta unaouona ni kumbukumbu iliyojengwa baadaye, na hauna nakshi yoyote ya kutazama. Kasome kibao chake hata hivyo.

Jumba la ukoo liko jirani, upande wa mashariki. Baada ya hekalu litakuonesha sheria zilezile za daraja katika nyumba ya watu walioishi, mbele ikiwa ofisi na nyuma makazi ya familia. Makaburi yako kaskazini mwa mji, ndani ya msitu wenye ukuta wake, na zaidi ya watu 100,000 wa ukoo wa Kong wamezikwa humo. Chukua kigari cha umeme kama miguu imechoka.

Kama safari yako ya China haifiki Shandong, njia hii ya kutazama inafaa pia katika hekalu la Confucius la Beijing, lililoanzishwa mwaka 1302 na lililo umbali mfupi wa kutembea kutoka kituo cha treni za chini cha Yonghegong. Hapo kuna mawe 198 yenye majina ya waliofaulu mtihani mkuu wa dola. Ukumbi wake mkuu una paa la vipaa vinne lenye penu mbili, lile la ngazi ya juu kabisa, hivyo ni ngazi moja juu ya paa la ukumbi wa Qufu. Pita pia mlango wa jirani, kwenye chuo cha zamani cha kifalme, uuone ukumbi wa Biyong wa mwaka 1784: wa mraba, umezungukwa na bwawa la duara, na mfalme alikuja kufundisha humo.